Mpaka Ulipimwa, Maji Hayakugawiwa: Kisa cha Umma na Lagash

Mji wa Umma, kusini mwa nchi ambayo leo ni Iraki, ulidaiwa na jirani yake Lagash shayiri guru moja. Guru hapa si pishi wala kikapu. Ni ghala zima, karibu lita 518,400. Miaka ikapita, riba ikazaa riba, na siku karani wa Lagash alipoichora hesabu yake juu ya udongo mbichi, deni lilikuwa limefika guru 8,640,000. Hizo ni lita trilioni nne na nusu hivi. Dunia yote ya leo, pamoja na matrekta na mbolea zake, huvuna shayiri kama tani milioni 150 kwa mwaka. Ili kulilipa deni lile ingebidi ivune miaka 18 mfululizo bila mtu kuonja uji wala bia.

Nimeanza na deni kwa makusudi. Wanaosimulia kisa hiki huanza na vita, na kweli picha ya tai wanaoruka na vichwa vya watu midomoni ni ngumu kuipita. Lakini vita ndiyo sehemu rahisi kuielewa. Kinachosumbua ni hiki: kwa nini mpaka uliopimwa na msuluhishi, ukawekewa jiwe, ukaapiwa kwa miungu na kuchimbiwa mtaro, ulivunjwa tena na tena kwa karibu miaka 200, kuanzia mnamo 2550 hadi 2350 KK? Ninavyokisoma kisa hiki, kila mara walipima ardhi, na kumbe ugomvi ulikuwa wa maji.

Tupaone kwanza mahali penyewe. Girsu, mji mtakatifu wa dola ya Lagash, leo ni vichuguu vya magofu vinavyoitwa Tello. Umma ni Tell Jokha. Kutoka hapa hadi pale ni kama kilomita 30, mwendo wa siku moja na punda. Katikati palikuwa na mbuga iliyoitwa Gu'edena, jina lenye maana ya ukingo wa nyika, yenye malisho na mashamba ya shayiri. Mvua ya huko haifiki milimita 200 kwa mwaka, na kwa mvua hiyo shayiri haikomai bila kumwagiliwa. Rutuba yote ililetwa na mito miwili, Frati na Hidekeli (ule ambao vitabu vya shule huuita Tigris).

Mito hii ina tabia mbili ambazo bila kuzijua kisa chote hakieleweki. Ya kwanza, kila inapofurika huacha tope kingoni, kingo zikapanda mwaka hadi mwaka, mpaka mto ukawa unapita juu kuliko tambarare inayouzunguka. Ukiutoboa ukingo, maji hushuka yenyewe mpaka shambani. Ndiyo maana miji iliweza kusimama pale bila pampu wala gurudumu la maji. Ya pili ni saa yake mbaya. Mafuriko huja Aprili na Mei, theluji ya milima ya Uturuki inapoyeyuka, na wakati huo shayiri iko karibu kuvunwa na haitaki maji tena. Wakati wa kupanda, mwishoni mwa mwaka, mto uko chini kabisa. Mkulima wa Misri alikuwa na bahati: Nile ilifurika kuanzia Julai hadi Septemba, ikajaza majaruba, ikaondoka, naye akapanda kwenye tope. Mwenzake wa Sumeri, kama nchi hii ya kusini ilivyoitwa zamani, alilazimika kulikinga shamba dhidi ya maji mwezi mmoja na kuyasaka mwezi mwingine. Kwa hiyo alihitaji banio, tuta, mfereji mkuu na mifereji midogo, na watu wa kuzoa tope kila mwaka, maana mfereji usiozolewa tope hufa.

Yeyote aliyewahi kukaa kikao cha skimu ya umwagiliaji anawajua watu wa juu na watu wa chini. Wa juu hana haraka. Wa chini ndiye anayekesha na tochi akifuata mfereji kujua nani kaziba. Umma ilikuwa juu, Lagash ilikuwa chini.

Jiwe la kwanza

Habari zote za mwanzo tunazipata kwenye maandishi yaliyotungwa vizazi kadhaa baadaye na Enmetena, mtawala wa Lagash, kwa mwandiko wa kikabari juu ya pia ya udongo ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Yanaanza mbinguni: Enlil, baba wa miungu, aliweka mpaka kati ya Ningirsu, mungu wa Girsu, na Shara, mungu wa Umma. Kisha Mesilim, mfalme wa Kish, akaupima kwa agizo la mungu Ishtaran na kusimamisha jiwe lenye maandishi.

Tusiyapite haraka maneno hayo ya miungu tukidhani ni mapambo. Kisheria ndiyo msingi wa shauri lote. Shamba la Gu'edena halikuwa la mtawala wala la wakulima, lilikuwa la Ningirsu, na mtawala alikuwa wakili wake tu. Anayesogeza tuta hamwibii jirani, anamwibia mungu. Madai ya namna hiyo yana nguvu sana siku ya kwenda vitani na yanatia tabu siku ya kupatana, kwa sababu wakili hana ruhusa ya kumegua mali ya bwana wake.

Mesilim alifaa kuwa msuluhishi. Kish iko mbali kaskazini, karibu na ambako baadaye ulikuja kuwa mji wa Babeli, na hakuwa na shamba Gu'edena. Kwamba Lagash walimheshimu kuna ushahidi wa jiwe: kichwa cha rungu alichomtolea Ningirsu, kilichochimbuliwa Girsu, kikiwa na jina lake na cheo chake. Jiwe lake lilidumu kwa muda. Kisha Ush, mtawala wa Umma, akaling'oa na kuingia mbugani. Maandishi yanasema alifanya kwa kiburi. Umma wangesema nini, hatujaachiwa.

Mshindi akawa hakimu

Aliyemjibu Umma kwa kishindo ni Eannatum wa Lagash, mnamo 2450 KK. Jiwe lake la ushindi lilichimbuliwa Tello na Mfaransa Ernest de Sarzec kuanzia mwaka 1881, limevunjika vipande vipande, na sasa wanaliita jiwe la tai. Upande mmoja askari wamepanga ngao zao kama ukuta na mikuki imetokeza kwa safu, wanakanyaga maiti. Upande wa pili Ningirsu mwenyewe, mkubwa kuliko wote, amewashika watu wa Umma ndani ya wavu kama samaki, na mmoja aliyetoa kichwa kwenye tundu anapigwa rungu. Maandishi yanaongeza jambo ambalo si kawaida ya wafalme kulikiri: Eannatum alichomwa mshale mwilini, akauvunja.

Baada ya damu likaja sharti. Enakalle, mtawala mpya wa Umma, aliapishwa kwa wavu wa Enlil na wavu wa miungu mingine, mmoja baada ya mwingine. Njiwa walipakwa wanja machoni na kupambwa kwa mwerezi vichwani, wakaachiwa waruke kwenda kwa miungu kama mashahidi. Akaapa kwamba hatavuka mpaka wa Ningirsu, hatabadilisha mifereji yake, hatang'oa mawe yake. Jiwe la Mesilim likarudishwa mahali pake, na juu ya tuta la mpaka, Namnunda-kigara, vikajengwa vihekalu.

Mpaka wenyewe ukawa mtaro wa maji, uliochimbwa kutoka mfereji wa Nun hadi Gu'edena. Halafu Eannatum akaacha upande wa Umma ukanda wa ardhi ya Ningirsu wenye upana wa nindan 215, karibu mita 1,290, uwe ardhi isiyo na mwenyewe. Na Umma ikaruhusiwa kulima ardhi ya Lagash kwa masharti ya mkopo: shayiri inayotoka humo ihesabiwe kama deni lenye riba kwa Ningirsu na kwa mungu wa kike Nanshe.

Hapa ndipo nadhani kesho yao yote ilipoharibikia, na panahitaji kukaa kidogo. Mtaro mmoja ulipewa kazi mbili. Ulikuwa alama ya mpaka, na wakati huohuo ulikuwa njia ya maji. Mpaka wa jiwe ukiuchukia lazima uende kuung'oa, watu watakuona. Mpaka wa maji anayekaa juu yake anaweza kuuvunja kwa kufungua au kufunga banio, akiwa bado nyumbani kwake. Ukanda wa mita 1,290 uliwatenganisha askari vizuri tu, lakini maji hayajui ukanda. Katika masharti hayo, kama yalivyotufikia, kuna vipimo vya ardhi, majina ya matuta, orodha ya miungu na kiapo cha kutogusa mifereji. Kiasi cha maji cha kila upande, au zamu zake, hakitajwi.

Tena Mesilim alikuwa mtu wa nje, Eannatum alikuwa mlalamikaji aliyeshinda. Sharti lake lilitegemea nguvu zake.

Riba

Rudi kwenye guru 8,640,000. Riba ya kawaida ya mkopo wa nafaka Mesopotamia ilikuwa theluthi moja kwa mwaka. Ukichukua guru moja na kuiacha izae kwa theluthi, riba juu ya riba, utaifikia namba ile baada ya miaka 55 au 56. Kwa hiyo karani hakuitoa hewani, hesabu inakwenda. Kisichokwenda ni shamba: hapakuwa na ardhi duniani ya kuizalisha shayiri hiyo, na pande zote mbili zilijua. Deni lisilolipika si deni tena, ni hati ya kumshika mtu milele. Lagash ilikuwa na sababu halali ya kuingia Umma siku yoyote itakayopenda.

Ur-Lumma, mwana wa Enakalle, alirithi kiapo ambacho hakukiapa mwenyewe. Swali la kama mrithi anafungwa na mkataba wa maji uliowekwa na aliyemtangulia halijachakaa. Mwaka 1962 Tanganyika iliitangazia Uingereza, Misri na Sudani kwamba haifungwi na mkataba wa Nile wa mwaka 1929 uliotiwa saini na mkoloni. Nyerere aliandika barua. Ur-Lumma alipeleka maji kwenye mtaro wa mpaka akaukatisha, akayachoma moto mawe na kuyang'oa, akavunja vihekalu vya tutani, akakusanya askari wa kigeni na kuvuka. Maandishi ya Enmetena yenyewe yanataja sababu: shayiri ile hakuweza kuilipa. Adui yake ndiye anayemtolea udhuru, na sidhani karani aliliona hilo.

Enannatum, ndugu na mrithi wa Eannatum huko Lagash, alipigana naye, na mwanawe Enmetena ndiye aliyemshinda. Ur-Lumma akakimbia, akauawa ndani ya Umma. Nyuma yake, kwenye ukingo wa mfereji wa Lumma-girnunta, aliacha jozi 60 za punda wa magari ya vita, na mifupa ya watu wake ikatapakaa mbugani. Enmetena anasema aliwafukia sehemu tano.

Umma ikampata mtawala mwingine, Il, aliyekuwa msimamizi wa hekalu katika mji wa Zabala. Huyu hakuleta jeshi kubwa. Aliyachezea maji tu, kama kawaida ya wa juu, na katika deni akalipa guru 3,600, yaani sehemu moja kati ya 2,400. Enmetena akatuma wajumbe. Jibu la Il, kama Lagash ilivyolinukuu, ni kwamba mtaro wa mpaka wa Ningirsu na wa Nanshe ni wake yeye, na tuta atalihamishia anakotaka. Lagash inamwita mwizi wa mashamba. Lakini sikiliza anachodai: ameanza na mtaro, shamba limefuata.

Enmetena alikuwa mtu wa akili, labda kuliko wote katika kisa hiki. Alifunga undugu na Lugal-kinishe-dudu, mtawala wa Uruk, ili Umma isibaki na rafiki upande wa kusini-magharibi. Na anajisifu kwamba aliwafutia watu wa Lagash madeni yao, akamrudisha mtoto kwa mama na mama kwa mtoto, akafuta hata riba za shayiri. Huo ndio msamaha wa madeni wa zamani kuliko yote tunaoujua. Mtu yuleyule aliyejua riba ya shayiri inavyoutafuna mji, akaifuta nyumbani, ndiye aliyeiacha imeandikwa kwa jirani mpaka kwenye mamilioni.

Kisha akafanya ambalo naliona ni kukiri kimyakimya kwamba mpaka haujawahi kuwa tatizo. Aliujenga upya mtaro wa mpaka kutoka Hidekeli hadi mfereji wa Nun. Yaani aliacha kuyasubiri maji yanayopita mkononi mwa Umma, akayaleta kutoka mto mwingine.

Dawa hiyo inawezekana ilileta ugonjwa wake. Mwaka 1958 watafiti wawili wa Mesopotamia ya kale, Thorkild Jacobsen na Robert Adams, walitoa hoja kwamba maji mengi kutoka Hidekeli yaliinua maji ya chini ya ardhi, yakapanda na chumvi, jua likayakausha na chumvi ikabaki juu ya udongo. Ngano haivumilii chumvi, shayiri inavumilia zaidi, na ngano ikaendelea kupungua mashambani. Kwa hesabu zao hekta moja ya Girsu ilitoa lita 2,537 mnamo 2400 KK, lita 1,460 mnamo 2100 KK, na kufikia 1700 KK, huko Larsa, mji wa jirani, lita 897. Mwaka 1985 mtafiti mwenzao Marvin Powell alizipinga namba hizo na namna vipimo vya kale vilivyosomwa, akasema pia kuwa wakulima wale walijua kuupumzisha udongo. Kuhusu namba namsikiliza Powell. Kuhusu chumvi yenyewe, ardhi ya kusini mwa Iraki inajisemea, nyeupe kwa macho.

Shahidi wa upande wa pili

Karibu kila kitu nilichosimulia kimetoka kwa Lagash, kwa sababu ya bahati ya majembe: Girsu ilichimbwa mapema na ikatoa maandishi mengi. Ni kama kusoma hati ya mdai bila kuona utetezi. Hata hivyo Umma haiko kimya kabisa. Lipo andiko la Gishakidu, mwana wa Il, linalotaja mpaka kituo kwa kituo kama Umma ilivyouona, na kumlaani atakayeuvunja. Kumbe nao walikuwa na mawe yao na laana zao.

Na kuna bamba dogo la dhahabu la Bara-irnun, mke wa Gishakidu. Anajitambulisha kwa ukoo: binti wa Ur-Lumma, mjukuu wa Enakalle, mkwe wa Il. Wote anawaita lugal, mfalme, neno ambalo kwa Kisumeri maana yake ni mtu mkubwa. Lagash haikuwahi kuwapa cheo hicho, iliwaita ensi, mtawala wa mji. Huyo mama mmoja anatuonyesha pia kwamba Il hakuwa tu mtu wa Zabala aliyenyakua kiti kama Lagash inavyotaka tuamini. Mwanawe alioa katika nyumba ya Ur-Lumma. Nadhani Umma waliona mwendelezo pale ambapo Lagash iliona vurugu.

Mwisho wa shauri

Hakuna aliyeshinda kesi. Kizazi kimoja au viwili baada ya Enmetena, mnamo 2350 KK, Lugalzagesi wa Umma aliingia nchi ya Lagash wakati wa mtawala wake Urukagina. Kibao cha udongo kinaorodhesha mahali kwa mahali: hekalu la Antasura limechomwa moto, hekalu hili limeporwa fedha na vito, lile limemwagwa damu, na mashamba ya Ningirsu, yale yote yaliyokuwa yamelimwa, shayiri yake imeng'olewa. Mwandishi hana jeshi la kutaja. Anachotaja ni lawama. Anasema kosa hili si la Urukagina, mfalme wa Girsu; Nisaba, mungu wa kike wa Lugalzagesi, na alibebe yeye shingoni mwake.

Nisaba alikuwa mungu wa nafaka na wa uandishi.

Lugalzagesi aliendelea, akaitwaa Uruk, akajitangaza bwana wa nchi zote kutoka bahari ya chini hadi bahari ya juu. Kisha Sargon wa Akkad akamshinda, akamwongoza na kongwa shingoni mpaka lango la Enlil kule Nippur, Enlil yuleyule aliyesemekana kuuweka mpaka. Girsu na Umma zikaingia chini ya dola moja, na miaka 200 na zaidi baadaye, chini ya wafalme wa Uru, zilikuwa mikoa miwili jirani. Vibao vya enzi hiyo kutoka Umma ni maelfu kwa maelfu, na vingi ni vya ukarani mtupu: vibarua wangapi, siku ngapi, wamezoa tope la mfereji upi, wamelipwa shayiri kiasi gani.